Mitihani ya Majaribio: Tuifanye Kioo, Tusiifanye Hirizi

Miongoni mwa mambo ambayo sisi Wakenya tumeyazoea hata hatuyahoji tena ni mtihani wa majaribio. Mtoto huukuta akiwa bado anajifunza kushika kalamu, akaandamana nao darasa baada ya darasa, na hata anapomaliza shule na kuanza kutafuta riziki, bado huukuta ukimngojea mlangoni. Siku hizi umevaa joho jipya. Hapa mtaani Ziwani, na katika mitaa jirani ya Kariokor, Starehe na Pumwani, wapo vijana waliomaliza kidato cha nne ambao wanajifunza kuandika programu za kompyuta, nao wanatafuta vyeti vya kimataifa vya kuthibitisha ujuzi wao. Njia wanayoitumia kujitayarisha ni ile ile waliyoirithi shuleni: kutafuta maswali ya majaribio, kuyajibu, kuyarudia, na kuyarudia tena hadi ulimi uyazoee.

Mimi ni mwalimu, na baadhi ya vijana hawa huja kwangu jioni wakitaka ushauri. Sina nia ya kuwakataza kutumia maswali hayo. Kinyume chake, nimeishika kalamu ili niutetee mtihani wa majaribio dhidi ya watu wawili: yule anayeudharau na yule anayeuabudu. Msimamo wangu ni mmoja. Thamani ya mtihani wa majaribio haimo katika alama unazozipata, bali imo katika makosa unayoyagundua na unayoyafanyia kazi baadaye. Anayeutumia kwa namna hiyo ameshika kioo, na kioo humwonyesha mtu penye doa. Anayeukariri ameshika hirizi, nayo hirizi humpa mtu ujasiri bila kumpa nguvu.

Kwanza tukumbuke tulikotoka, maana desturi hii haikuzuka leo. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza, ukafanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Ule wa KCSE ulianza mwaka wa 1989. Katika KCPE, ukiondoa insha za Kiswahili na Kiingereza, mtahiniwa alichagua jibu moja kati ya manne, na karatasi yake ikasomwa na mashine. Mtindo huo ulizaa biashara kubwa. Wachapishaji walitoa mitihani ya majaribio kwa mafurushi, wazazi wakailipia, na magazeti nayo yakachapa maswali ya mazoezi ya kuwafaa watahiniwa. Zilikuwapo shule ambamo mwanafunzi wa darasa la nane hakumaliza wiki bila kufanya mtihani.

Lakini je, baada ya mtihani kulifanyika nini? Aghalabu karatasi zilisahihishwa kwa haraka, alama zikasomwa mbele ya darasa, wa kwanza akapigiwa makofi na wa mwisho akainamisha kichwa, kisha furushi jingine likafunguliwa. Swali la 17, ambalo nusu ya darasa walilikosa kwa sababu moja ile ile, halikurudiwa tena. Tulipima sana, tukatibu kidogo. Mgonjwa anayepimwa joto kila asubuhi na kupewa namba ya homa yake bila kupewa dawa hawezi kusemekana kuwa ametibiwa, hata kama hospitali ina vipimajoto elfu moja.

Hata hivyo, tusije tukamtupa mtoto pamoja na maji ya kuogea. Kujipima kwenyewe kuna faida ambayo imethibitishwa na uchunguzi wa kitaalamu. Mwaka wa 2006, wataalamu wawili wa elimunafsia, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo kila mwalimu angefaa kulijua. Waliwapa wanafunzi vifungu vya habari vya kusoma. Kundi moja lilikisoma kifungu kisha likakisoma tena. Kundi la pili lilikisoma mara moja, kisha likatakiwa kuandika yote linayoyakumbuka bila kuangalia. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma ndio walioongoza: walikumbuka asilimia 81, na wale wengine asilimia 75. Walipopimwa baada ya juma zima, mambo yaligeuka. Waliorudia kusoma walibakiwa na asilimia 42, na waliojipima walikuwa na asilimia 56.

Tafakari maana ya tarakimu hizo. Aliyerudia kusoma alijiona amefaulu, na kwa dakika tano alikuwa kweli amefaulu. Udanganyifu wa kurudia ndio huo: humfanya mtu ahisi kwamba anajua, kwa kuwa maneno aliyokwisha kuyaona hayamtishi tena. Anayejipima hutoka jasho, husitasita, hukosea. Lakini kule kulitafuta jibu akilini ndiko kunakolikita. Mwaka wa 2013, John Dunlosky na wenzake walizipima njia kumi za kujifunza kwa kuangalia uchunguzi uliofanywa juu ya kila moja. Mbili tu ndizo walizozipa daraja la juu kabisa: kujipima kwa maswali, na kuyatawanya masomo katika siku mbalimbali. Kusoma tena na tena, pamoja na kupiga mistari chini ya maneno kwa kalamu za rangi, kuliwekwa daraja la chini.

Ikiwa ni hivyo, mbona vijana wanaojipima kila siku wanaanguka? Jibu ni kwamba wengi wao hawajipimi. Wanadhani wanajipima, kumbe wanasoma tena.

Nitatoa mfano mmoja wa hapa mtaani, bila ya kumtaja mwenyewe. Kijana mmoja alinijia akiwa na furaha tele. Alikuwa akijitayarisha kwa mtihani wa kwanza wa lugha ya programu iitwayo Python, ule unaojulikana kwa kifupi kama PCEP. Mtihani huo una maswali 30 yanayojibiwa kwa dakika 40, na mtahiniwa hupita akipata asilimia 70. Ada yake imekuwa dola 59 za Kimarekani, yaani zaidi ya shilingi elfu saba za Kenya, na fedha hizo mamake, muuza mitumba wa Gikomba, alikuwa amezidunduliza kwa muda wa miezi mitatu. "Mwalimu," akaniambia, "sasa niko tayari. Nimepata 29 kwa 30."

Nilimwuliza ameufanya mtihani huo wa majaribio mara ngapi. Akajibu kwamba ile ilikuwa mara ya kumi na moja. Karatasi ilikuwa ile ile, maswali yale yale, kwa mpangilio ule ule.

Nikamwomba anijibu swali moja dogo. Python ina alama ya kugawanya ambayo hutoa nambari kamili bila sehemu. Nikamwuliza: saba ukiigawanya kwa mbili kwa alama hiyo, utapata nini? "Tatu, mwalimu," akasema papo hapo. Alikuwa sahihi. Nikauliza tena: na saba hasi ukiigawanya kwa mbili? "Tatu hasi," akajibu kwa haraka ile ile. Hapo alikosea. Python huliteremsha jibu hadi nambari kamili iliyo chini yake. Na nambari kamili iliyo chini ya tatu na nusu hasi si tatu hasi, ni nne hasi. Angeuliza swali hilo katika lugha ya Java angepata tatu hasi, kwa maana Java huikata sehemu na kuitupa tu. Lugha mbili, kanuni mbili, majibu mawili.

Kijana huyo hakuwa mjinga wala mvivu. Karatasi aliyoirudia mara kumi na moja ilikuwa na saba chanya pekee, basi akajua jibu la saba chanya. Hakuijua kanuni. Nilipompa karatasi nyingine ambayo hakuwahi kuiona, alipata 19 kwa 30, yaani chini ya asilimia 64. Alinuna. Nasikia mamake pia alinuna, akidhani kwamba mwalimu amemtia mwanawe mkosi. Hata hivyo ada ilikuwa bado mkobani, na mtihani uliahirishwa kwa majuma sita.

Nasema hili ndilo jambo lenye uzito katika mjadala huu. Mtoto wa tajiri akianguka mtihani wa cheti, babake hulipa tena na mambo yakaendelea. Mtoto wa Ziwani aghalabu ana nafasi moja. Akianguka, zile shilingi elfu saba haziondoki peke yake. Huondoka pamoja na imani ya mama, na mara nyingine pamoja na imani ya kijana mwenyewe kwamba kazi ya kompyuta ni ya watu kama yeye. Kwa hiyo anayehitaji zaidi kipimo cha kweli ni yule asiyeweza kumudu kipimo cha uongo.

Mtaa huu una walimu wengine ambao hawajashika chaki maishani: mafundi wa magari wa jua kali. Ukimpelekea fundi mahiri gari linalokohoa, haanzi kwa kununua vipuri. Huiwasha injini, huinamisha sikio, humwambia msaidizi wake akanyage mafuta, kisha huuliza: mlio huu unatoka wapi? Kuiwasha injini ndiko kujipima kwenyewe, na kazi yenyewe huanza baada ya mlio kusikika. Fundi ambaye angewasha injini mara kumi na moja, akafurahi kwamba ameuzoea mlio, kisha akamrudishia mwenye gari funguo zake, hangepata mteja wa pili. Mafundi hawa wanapotaka cheti cha serikali hufanya mitihani ya ufundi inayosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, wakianzia daraja la tatu na kupanda hadi la kwanza. Huko fundi hushika chuma mbele ya mtahini. Kujua jina la spana hakumtoshi.

Uandishi wa programu ni ufundi wa namna hiyo hiyo, ijapokuwa mtihani wake mara nyingi huwa wa kuchagua majibu. Kwa sababu hiyo ningependa kuwaeleza wanafunzi jinsi ninavyoona mtihani wa majaribio unapaswa kutumiwa.

Mosi, jipime mapema, kabla hujajiona tayari. Wengi huuweka mtihani wa majaribio mwisho, kama kitindamlo baada ya mlo. Uweke mwanzoni. Utaanguka, na huko kuanguka hakukugharimu senti. Tena usiziangalie alama kwa jumla pekee. Mtihani wa PCEP, kwa mfano, una sehemu nne: misingi ya lugha hubeba asilimia 18, maamuzi na marudio asilimia 29, mikusanyo ya data asilimia 25, na vitendaji pamoja na ushughulikiaji wa makosa asilimia 28. Mtu anayepata 18 kwa 30 kwa sababu hajui vitendaji ni mgonjwa tofauti kabisa na yule anayepata 18 kwa kubahatisha huku na huku. Dawa ya mmoja haimfai mwenzake.

Pili, weka daftari la makosa. Wahenga walisema kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa kila swali ulilolikosa, andika kosa ni la aina gani. Je, hukuijua kanuni? Je, uliijua nusu, kama yule anayedhani kwamba Python ikiambiwa ihesabu kutoka moja hadi tano kwa agizo la range itaifikia tano, ilhali huishia nne? Au uliijua vizuri lakini ukasoma swali kwa pupa, ukaruka neno "si"? Ongeza aina ya nne ambayo wanafunzi huisahau: maswali uliyoyapata kwa bahati. Jibu sahihi lililobahatishwa ni kosa lililojificha. Katika maswali 30 yenye majibu manne manne, mtu asiyejua chochote atapata kama saba kwa kubahatisha tu. Basi usijivunie saba zisizo zako.

Tatu, mwulize mwenye kujua. Katika somo la historia au dini, mwanafunzi anayetilia shaka jibu humtegemea mwalimu au kitabu. Mwanafunzi wa programu ana neema ambayo wengine hawana: kompyuta yenyewe humjibu. Python haiuzwi, hupatikana bure, na hufanya kazi hata katika kompyuta kuukuu au simu ya mkononi. Swali likikushinda, liandike uliendeshe, uone linatoa nini. Kisha usiishie hapo. Yachukue yale majibu matatu yasiyo sahihi, ujiulize swali lingebadilishwaje ili kila moja liwe sahihi. Badilisha chanya kuwa hasi, badilisha orodha iwe tupu, ondoa mstari mmoja. Swali moja lililochezewa namna hiyo lina faida kuliko maswali kumi yaliyomezwa.

Nne, acha siku zipite. Ukilirudia swali jioni ile ile uliyolikosa, utalipata, lakini utakuwa umepimwa kumbukumbu ya saa mbili. Lirudie baada ya siku moja, kisha tatu, kisha juma. Ukilipata baada ya juma, lifute daftarini. Ukilikosa, usijilaumu, umegundua kwamba halijakaa.

Tano, hifadhi karatasi moja au mbili ambazo hutazigusa kabisa hadi mwisho. Hizo ndizo za kukupa habari za kweli. Zifanye kwa saa, bila simu, bila kitabu, bila mwenzako wa kukunong'oneza. Dakika 40 kwa maswali 30 ni sekunde 80 kwa kila swali; mtu hawezi kujua sekunde 80 ni fupi kiasi gani mpaka azionje.

Sita, usilipie mtihani kwa kupita mara moja. Hili nalisisitiza kwa sababu ni hesabu wala si ushauri wa wazee. Tuseme ujuzi wako halisi ni wa kujibu maswali 70 katika kila 100, na kila swali lina uzito sawa. Katika karatasi ya maswali 30 utahitaji 21 ili upite. Uwezekano wako wa kufika hapo ni kama asilimia 59, ambao haupiti sana ule wa kurusha sarafu hewani. Ujuzi wako ukipanda hadi 80 kwa 100, uwezekano huo hupanda hadi kama asilimia 94. Kwa hivyo asiye na ada ya pili asiende kwa sababu amegusa mpaka wa kupitia. Aende akiwa ameuvuka kwa karatasi mpya mara mbili au tatu, na kwa nafasi ya kutosha.

Nimekwisha kueleza matumizi mema. Sasa nigeukie lile giza ambalo haifai kulinyamazia. Wapo watu wanaouza maswali yaliyotolewa kwa siri katika mitihani halisi ya vyeti, yakiwa pamoja na majibu, na kuyaita mitihani ya majaribio. Huo si mtihani wa majaribio, ni mwakenya. Tofauti yake na kile kikaratasi kinachofichwa ndani ya soksi ni kwamba huu hufichwa kichwani. Mashirika makubwa yanayotoa vyeti hivi humtaka mtahiniwa akubali kwamba hatayafichua maswali, nayo hujiwekea haki ya kufuta cheti cha aliyekiuka. Mara nyingine majibu yenyewe yanayouzwa huwa si sahihi, basi mnunuzi akapoteza fedha, cheti na heshima kwa pamoja.

Taifa letu limekwisha kuonja uchungu huo. Katika mtihani wa KCSE wa mwaka wa 2015, watahiniwa 5,101 walifutiwa matokeo yao kwa udanganyifu. Mwezi wa Machi 2016 bodi ya Baraza la Mitihani ya Kitaifa ilivunjwa. Usimamizi ukakazwa, na mwishoni mwa mwaka huo idadi ya waliopata alama ya A ikashuka kutoka zaidi ya 2,600 hadi 141. Sisemi kwamba kila aliyepata A mwaka wa 2015 aliiba. Kusema hivyo kungekuwa ni kuwadhulumu vijana waliokesha wakisoma. Nasema kwamba wao ndio walioibiwa. Cheti chao kilitiliwa shaka kwa sababu ya vyeti vya wengine. Vivyo hivyo, kijana wa Ziwani aliyejifunza kwa jasho huharibiwa soko na yule aliyenunua majibu, maana mwajiri aliyeumwa na nyoka mara moja hushtuka akiona ung'ongo.

Wapo watakaoniambia kwamba haya ni maneno ya mtu aliyeshiba. Watasema: kijana hana kazi, mwajiri anataka cheti, basi mwache akipate kwanza kwa njia yoyote, ujuzi utakuja baadaye. Hoja hiyo ina njaa ndani yake, nami siwezi kuicheka njaa. Lakini naomba tuifuate hadi mwisho wake. Cheti humfikisha kijana mlangoni. Ndani, atakaa mbele ya kompyuta na kupewa programu iliyoandikwa na mtu mwingine, iliyo na kasoro ambayo haimo katika karatasi yoyote, na ataambiwa airekebishe. Hapo hakuna majibu manne ya kuchagua. Aliyezoea kuyaandama makosa yake daftarini atakuwa nyumbani, kwa kuwa kazi ya mwandishi wa programu, kwa sehemu kubwa, ni kutafuta makosa. Aliyezoea kukariri atakuwa kama mgeni aliyepotea njia usiku, na kibarua huota nyasi kabla ya mwezi kuisha.

Wengine watasema kwamba nafasi ya kujipima kwa utulivu haipatikani katika mitaa yetu. Hawa wana haki. Nyumba za Ziwani ni za tangu wakati wa ukoloni, vyumba vyake ni vidogo, na watu ni wengi. Stima hupotea bila ya kuaga. Kumwambia kijana akae dakika 40 bila kusumbuliwa ni rahisi kwa anayesema. Maktaba mbili za mtaani zilizo chini ya McMillan, ile ya Kaloleni na ile ya Makadara, ni hazina kwa vijana wa Eastlands, lakini maktaba mbili hazitoshi mitaa yote hii. Wakati huo huo, shule zetu kadhaa zina vyumba vya kompyuta ambavyo hufungwa kwa kufuli mara tu wanafunzi wanapokwenda nyumbani. Mwaka wa 2022 Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala, KICD, iliidhinisha mtaala wa kufundisha uandishi wa programu katika shule za msingi na za upili. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini mtaala pasipo mahali pa kufanyia mazoezi ni mbegu iliyoachwa ghalani. Walimu wakuu na kamati zao wangeweza kuvifungua vyumba hivyo jioni mbili kwa wiki, kwa usimamizi wa mwalimu mmoja. Vijana waliomaliza shule wangefaidika, na wadogo zao wangejifunza kwa kuwaona.

Walimu wenzangu, neno langu la mwisho kwenu ni hili. Sisi ndio tuliowafundisha vijana kuiogopa kalamu nyekundu. Tulipozibandika alama ukutani na kuwaaibisha waliokosea, tuliwafundisha kwamba kosa ni aibu, na mtu hufanya nini na aibu yake kama si kuificha? Anayerudia karatasi moja mara kumi na moja hadi apate 29 anaikimbia ile aibu tuliyompa. Tukitaka wajipime kwa kweli, hatuna budi kubadilisha jinsi tunavyoyapokea makosa yao. Punguza idadi ya mitihani ikiwa ni lazima. Fanya mmoja mahali pa mitatu, kisha utumie ule muda uliobaki kulirudia swali ambalo wengi walilikosa, ukimwita mwanafunzi aeleze alivyofikiri hata akafika alipofika. Mara nyingi utagundua kwamba alifikiri vizuri kutoka mahali pabaya. Huo ndio wakati wa kufundisha. Kabla ya hapo tulikuwa tunatangaza matokeo tu.

Nanyi wanafunzi, msichoke kujipima. Jipimeni mapema, jipimeni kwa karatasi mpya, jipimeni mkiwa peke yenu wakati hakuna wa kuwapigia makofi. Na mkipata 19 kwa 30, msiikunje karatasi hiyo na kuitupa. Yale kumi na moja mliyoyakosa ndiyo masomo yenu ya juma lijalo, nayo mmeyapata bila ya kulipa hata senti moja.